Mitumba ya Kijani: Mwongozo kwa Anayetaka Kununua Redio ya Jeshi

Kwanza jifunze kuitambua. Rangi yake ni kijani kilichochoka, au nyeusi yenye makunyanzi kama ngozi ya kobe. Swichi zake zimetengenezwa zigeuzwe na mtu aliyevaa glavu huku risasi zikimpitia kichwani, na kibati chake cha mbele kina herufi na namba kama za gari: BC-348, R1155, AN/GRC-9. Utaikuta chini ya meza, si juu. Juu huwekwa vitu vinavyouzika. Chini huwekwa kile ambacho muuzaji ameapa hatakibeba tena kurudi nacho nyumbani. Hilo ndilo la kuzingatia, na najua hutalizingatia.

Meza yenyewe huenda iko Friedrichshafen, kusini mwa Ujerumani, ambako wanaredio wa ridhaa hukutana kila kiangazi, au kwenye gulio la Hamvention, Ohio, lililoanza mwaka 1952. Umekwenda kuangalia tu. Muulize muuzaji kama redio inafanya kazi, naye atakujibu kwamba mara ya mwisho ilipozimwa ilikuwa nzima. Hajakudanganya. Hakusema ilizimwa mwaka gani, wala kama aliyeizima ni yeye au ni moshi. Ukitaja nusu ya bei akakubali papo hapo, umeshapunjwa. Lipa tu, maana tayari ameanza kukusaidia kuinyanyua.

Kunyanyua ni somo la pili. R-390A, redio ya kupokea iliyobuniwa na kampuni ya Collins kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya 1950, ina karibu kilo 38. Ndani yake kuna giya nyingi kuliko saa ya mnara, na ukizungusha kitasa, namba za masafa hupanda na kushuka kwenye kidirisha kama za mita ya teksi ya zamani. Ni mashine nzuri mno, nami sina la kuisema vibaya ila kwamba meza ya plastiki haiiwezi. Ukiambiwa kuna mtambo wa kurushia wa BC-610, usiende na gari dogo. Ule una uzito wa watu wawili wanene na nusu, na wanajeshi wenyewe waliupandisha kwenye lori na kuuacha humo.

Pengine utauliza mali ya serikali ilifikaje chini ya meza ya mstaafu mwenye kofia ya kiangazi. Uingereza iliwafungia wanaredio wa ridhaa vita ilipoanza mwaka 1939, ikawanyang'anya na mitambo yao; Marekani ikafunga Desemba 1941, baada ya Pearl Harbor. Walipoanza kuruhusiwa kurudi hewani, mwishoni mwa 1945 na katika 1946, serikali hizohizo zilikuwa na maghala yaliyojaa redio ambazo hazikuwa na vita vya kwenda. Zikauzwa kwa bei ya kutupa. Mtaa wa Lisle, katikati ya London, ukajaa maduka yenye vyuma hadi kwenye mlango, na kijana aliyewahi kumwona rubani kwa mbali tu akaweza kununua redio ya ndege ya Lancaster kwa akiba yake ya mfukoni.

Hapo ndipo njaa ya ubunifu ilipoanza. BBC iliporudisha televisheni Juni 1946, seti ya dukani ilikuwa nje ya uwezo wa mfanyakazi wa kawaida. Lakini vyombo vya rada vilivyotupwa na jeshi vilikuwa na kioo kiitwacho VCR97, cha mviringo, chenye upana wa inchi 6. Mafundi wa mezani wakakifunga kwenye saketi walizounda wenyewe, wakazima taa za sebuleni, wakaita majirani. Picha ikaja. Ilikuwa ya kijani. Mtangazaji wa kijani, farasi wa kijani, mvua ya kijani juu ya uwanja wa kriketi, na watu wazima wanane wamebanana mbele ya kitu kilichokusudiwa kuonyesha adui.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, ambalo nakusihi usilirudie ingawa utalirudia. Majarida kama QST na CQ yalichapisha makala zisizohesabika za jinsi ya kuifanya redio ya jeshi ikae nyumbani, na karibu kila makala ilianza na kitenzi kimoja: ng'oa. Ng'oa dainamota, ile mota inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti kubwa. Ng'oa soketi ya nyuma. Kata kona hii ya bati, toboa tundu pale, tia spika. BC-459 ndiyo iliyoteseka zaidi. Ni mtambo mdogo wa kurushia wa ndege, wenye vali mbili za 1625, na masafa yake yalianzia 7 MHz, palepale penye bendi ya mita 40 ya watu wa ridhaa. Kwa dola chache mtu alipata kitu ambacho kukiunda mwenyewe kungemchukua mwaka. Akakitoboa jioni hiyohiyo.

Redio namba 19 ya vifaru vya Uingereza haikupona pia. Baadhi zilitengenezwa Kanada na Marekani zikiwa na maandishi ya Kiingereza na Kirusi kwenye uso mmoja, kwa kuwa nyingine zilikuwa zikipelekwa kwa Stalin. Ilikuwa na redio ndogo ya pili ndani, ya mazungumzo ya karibu kati ya kifaru na kifaru. Raia hakuwa na kifaru, sembuse viwili. Akaing'oa, na kwenye nafasi hiyo akaweka transfoma ya umeme wa nyumbani.

Kizazi cha leo sasa kinahangaika kurudisha kila kilichong'olewa. Mtu ataagiza dainamota kutoka bara jingine, aijaze grisi mpya, aiwashe ipige kelele kama mashine ya kusaga, na kushukuru. Nimemwona mzee akiwa ameshika kifuniko cha bati chenye tundu tatu, akizipima kwa kidole kimojakimoja bila kusema. Tundu alizitoboa mwenyewe akiwa na miaka 16. Yeye ndiye aliyekuwa akiulizia kifuniko kizima, na mwenye meza alipotaja bei akacheka hadi akatafuta kiti.

Ukiamua kununua hata hivyo, haya yatakusaidia kufika Jumatatu ukiwa hai.

Usichomeke chochote cha ndege ukutani kabla ya kusoma kibati. Pale pameandikwa volti 115, nawe una transfoma ya kushusha umeme, kwa hiyo unaona mambo safi. Soma mpaka mwisho: 400. Umeme wa ndege hubadilika mara 400 kwa sekunde, ndiyo maana transfoma zake zina chuma kidogo na ni nyepesi kuruka nazo. Wa nyumbani kwako ni mara 50. Chuma kile kidogo kitaelemewa, kitachemka, na kwa dakika chache utakuwa na harufu ambayo mapazia hayaisahau.

Ukikuta BC-221, kipimo cha masafa, usiitazame mashine. Tazama kama ina kitabu. Kila moja ilipimwa kiwandani peke yake, na kitabu chake kikachapwa namba zake, kikabeba na namba ya mashine ileile. Kitabu cha jirani hakikufai. Mashine isiyo na kitabu chake ni saa isiyo na mishale, na hiyo ndiyo utakayouziwa.

Piga chafya mbali na vioo vya mita vyenye rangi inayong'aa gizani. Ile ni radiamu. Mng'ao unaweza kuwa umekufa zamani, radiamu bado ipo, na hiyo nayo haitaki kukwanguliwa kwa kucha ili uone kama ni yenyewe. Varnishi ya manjano iliyopakwa juu ya waya ni kinga ya ukungu kwa misitu kama ile ya Burma, walikopigana askari wetu wa KAR (King's African Rifles); ikiguswa na chuma cha kulehemu hutoa moshi, nao usiuvute. Na ukiletewa kisanduku cha kuitambulisha ndege kwa rafiki zake, uliza kwa heshima kama baruti ilishatolewa. Baadhi vilifungwa fataki za kujilipua visiangukie mikononi mwa adui.

La leseni sitalikawiza: kusikiliza ni jambo moja, kurusha ni jingine, na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako haijali kwamba redio yako ilishinda vita.

Na mwisho, jihadhari na ukarimu wa mwenye AN/GRC-9. Wamarekani waliiita Angry Nine, Tisa mwenye hasira, na hasira yenyewe iko kwenye jenereta yake, GN-58. Ina miguu ya kukunja, kiti kidogo, na mikono miwili ya kuzungushwa kama pedali za baiskeli. Mwenye redio atakukaribisha uketi, kwa kuwa wewe ni mgeni. Utazungusha. Ni nyepesi, hata utashangaa watu wanalalamika nini. Kisha yeye atabonyeza ufunguo wa Morse, na papo hapo mikono itakuwa mizito kana kwamba kuna mtu upande wa pili anazungusha kinyume. Akiachia, inakuwa nyepesi, akibonyeza, nzito. Nukta unaisikia mabegani, mstari unausikia kiunoni. Atakuambia usipunguze mwendo, sauti inapinda. Halafu atainua mkono, atasikiliza, na uso wake utang'aa: mtu wa mbali amemsikia. Usifurahi naye. Sasa lazima amjibu, na yule ameuliza anatumia redio ya aina gani.