Fulana ya Mtumba Yamponza Mwalimu

Kijiweni Magomeni, jioni, kahawa na kashata. Muuza mitumba kapita na mzigo begani, fulana ya juu imeandikwa kifuani: I AIN'T SORRY. Mwalimu Mstaafu akaweka kikombe chini kabla hajakionja.

MWALIMU: Kijana, hiyo nguo ina kosa.

MUUZA MITUMBA: Kosa wapi, mzee wangu? Haina hata tundu. Gredi A hiyo!

MWALIMU: Kosa la sarufi! “Ain't” si neno. Aliyeniandikia hivyo darasani alipata yai.

BODABODA: Na wazungu wenyewe wakisema “gonna”, utawachapa? Juzi nimembeba mmoja mpaka Mwenge, nikamtolea “I am going to” nzimanzima kama ulivyotufundisha. Akaniuliza kama mimi padri.

DOGO WA CHUO: Marekani walishagombana kwa neno hilo. Mwaka 1961 ilitoka kamusi ya Webster's Third, mhariri wake Philip Gove. Ikaandika kwamba “ain't” wengi hawaipendi, lakini hata wasomi wengi huitamka. Magazeti yakaja juu, New York Times likiwemo, utadhani kamusi imemtukana mkwe.

MWALIMU: Walifanya vyema! Hata mwandishi Jonathan Swift aliulalamikia ukataji wa maneno, mwaka 1710, kwenye jarida la The Tatler.

DOGO WA CHUO: Na “can't” aliikejeli humohumo, Mwalimu. Hiyohiyo uliyokuwa ukituandikia ubaoni.

MWALIMU: (anakohoa) Hiyo ilishazoeleka.

DOGO WA CHUO: Haya, niambie kwa Kiingereza: “Nimechelewa, au siyo?”

MWALIMU: “I am late, aren't I?”

DOGO WA CHUO: “Are” na “I” wameoana lini? Kwani husema “I are late”?

Kijiwe kikanyamaza. Hata wacheza drafti waliinua vichwa, na hao huwa hawainui hata pakipita msiba.

DOGO WA CHUO: Waskoti na Waairishi wana “amn't”, mkato wa “am not”, hesabu inakaa sawa. Waingereza ikawa nzito mdomoni. “Ain't” ingeziba pengo hilo vizuri tu, na mabwanyenye wao waliisema bila haya mpaka karne ya 20 imeingia. Ila ilipokuwa mdomoni mwa makuli, ikaitwa ushamba.

MAMA NTILIE: Kumbe! Bwana mkubwa akiikata, maringo. Mimi nikiikata, sikusoma.

MWALIMU: Sawa, na “should of” nayo mtaitetea?

DOGO WA CHUO: Hiyo hapana. “Should've” ikisemwa haraka husikika hivyo, basi mtu anaandika alichosikia. Kosa kabisa.

MWALIMU: (anasimama, anazunguka kijiwe kizima kupeana mikono) Mmesikia? Kosa kabisa!

MUUZA MITUMBA: Mzee, ukitaka nikutafutie gunia zima la makosa, kesho nafungua belo. Nikuwekee ngapi?

BODABODA: Mwalimu, nshakwambia hawa—

MWALIMU: “Nimeshakuambia”! Tamka neno lote, usile nusu!

Simu yake ikalia. Akatazama kioo, akapunguza sauti.

MWALIMU: Ndiyo, mke wangu... N'shatoka zamani, n'ko njiani.

Akamsogezea muuza kahawa kikombe, aongezwe.