Koboko Huyu! Namna ya Kumtambua Nyoka Ukiwa Shinyanga au Geita

Kwanza tafuta fimbo. Wataalamu huanza na magamba na rangi. Sisi huanza na fimbo, halafu jembe, halafu tofali, na kinachobaki ndicho tunachokitambua. Vumbi likitulia, shika kiuno, tikisa kichwa taratibu na utamke: "Koboko huyu." Hakuna wa kubisha. Ushahidi umeshasagwa kama mawe yaliyopita kwenye karasha.

Ila kama unataka kuwazidi majirani, jua kwamba koboko si mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu au kahawia iliyopauka, kama mti mkavu. Weusi wake uko ndani ya kinywa. Njia ya uhakika, basi, ni kumwomba apanue mdomo. Ukimsogelea vya kutosha, hukubali.

Yule mweusi unayekutana naye nyuma ya choo jioni huenda ni swila mtema mate. Baadhi yao wana utepe mwekundu kooni, lakini ili uuone vizuri lazima ainuke na kutanua shingo, na akifika hapo yeye ndiye anayekukagua wewe. Hulenga macho, na mita mbili kwake si umbali. Osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Jirani atakayejitolea mkojo wake mshukuru, muulize na hali ya watoto, uendelee na maji yako.

Kifutu ndiye mwenye alama za kueleweka: V zilizopangana mgongoni kama cheo cha sajini. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti Shinyanga, watu walifufua ngitili, yale malisho yanayofungwa ng'ombe wasiingie hadi kiangazi kikaze. Nyasi zikarudi, ndege wakarudi. Sasa ulitarajia nani asirudi? Humo kifutu amelala, mfupi, mnene, rangi moja na majani makavu. Nyoka wengine wakisikia hatua huondoka. Yeye hutulia, akiamini umeziona V zake. Ndiyo maana somo la kifutu husomwa kwa unyayo, na mwenye ndala huelewa haraka kuliko mwenye buti.

Utasikia pia kanuni ya wasomi wa kijiweni: mwenye mboni wima kama paka ana sumu, mwenye mboni ya duara hana. Ijaribu. Koboko na swila wana mboni za duara, nzuri kabisa, za kuaminika. Nyoka wa nyumbani, asiye na sumu yoyote, anayeingia ghalani kufuata panya, ndiye mwenye mboni wima, kwa hiyo anakufa yeye. Naye mla mayai hana hata meno ya maana. Akishtuka hujikunja na kusugua magamba yake hadi yatoe sauti ya kutisha, na huigiza vizuri kiasi kwamba huuawa kwa heshima zote za koboko. Wiki inayofuata yule mwenye ghala aliyemuua nyoka wa nyumbani yuko mnadani, ananunua sumu ya panya.

Chatu peke yake hasingiziwi ukoboko, na si kwa mabaka yake. Ana watu. Bayeye, chama cha Wasukuma cha wacheza nyoka, humvaa shingoni ngoma ikilia, na mtu ukishamwona nyoka kazini ni vigumu kumkosea jina.

Urefu usipimwe siku hiyohiyo. Koboko wengi ni wa mita mbili hadi tatu, na wa mita nne ni wa nadra kabisa. Aliyeuawa Jumatatu akiwa sawa na fimbo ya kuchungia, kufikia siku ya mnada ana mita saba, upanga kichwani kama jogoo, na aliwika kabla ya kufa. Huo upanga, kama kweli ulikuwepo, huenda ulikuwa ngozi kuukuu iliyogoma kuvuka.

Ukiumwa, ndugu zako watamleta marehemu hospitali katika mfuko wa salfeti, hana kichwa, na watabishana mapokezini. Daktari atakuangalia wewe. Mguu ukivimba na kuuma sana atamfikiria kifutu. Kope zikilegea na pumzi ikiwa nzito, atafikiria koboko au swila wa aina nyingine. Dawa nyingi za kuzuia sumu barani hutengenezwa kwa ajili ya nyoka wa aina kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo ile safari ya kurudi porini kumsaka mtuhumiwa haikuwa na faida, na lile jiwe jeusi ulilofungiwa jerahani limekula saa mbili zako bure.

Lililobaki ni la usiku. Giza likiingia nyoka hatajwi jina, asije akaitika, huitwa kamba. Nyumbani haina shida. Lakini tuseme uko machimboni Nyarugusu, chini kabisa ya duara, yaani shimo lenyewe, tochi inafifia, mgongo umeegemea matimba, na aliye juu anapaza sauti: "Oya, kamba inashuka!"

Muulize upesi: "Ya kushika, kaka, au ile nyingine?"

Akichelewa kujibu, umeshatambua.