Paka Kafa, Mimi Namwagilia

Sina ugomvi na marehemu. Tena haifai kumsema aliyetangulia, hata akiwa na mkia. Lakini humu ndani wapo watu wanaomzungumzia Sharubu utadhani ndiye aliyekuwa akilipa umeme. "Alikuwa analinda nyumba," anasema Mama Zuhura. Nyumba ipi? Panya walikuwa wakimpita usiku kwenda jikoni, naye kajinyoosha juu ya kiti changu, anawasindikiza kwa macho.

Basi akafa, uzee tu, na hata kufa akafia kwenye kiti hichohicho. Mimi nikajua tutachimba, tutafukia, tutakunywa chai. Zuhura, ambaye simu haimtoki mkononi, akasema hapana, Baba, mnyama anatengenezewa bustani ya kumbukumbu. Akanisomea kwamba London, kwenye Hyde Park, walianza kuzika mbwa wao tangu 1881, na kule Asnières-sur-Seine, jirani na Paris, makaburi ya wanyama yalifunguliwa 1899. Nikamwuliza kama huko nako anayeshika jembe ni baba mtu. Akasema mtandao umekata.

Shimo nalo lazima liende chini, la sivyo mbwa wa mtaani watafukua. Nilianza kuchimba nilipotoka kazini, giza likanikuta humo. Jirani akachungulia juu ya ukuta na tochi. Hebu nitazame kwa macho yake: mtu mzima, usiku, koleo mkononi, pembeni kuna kitu kimeviringishwa kwenye kanga.

"Baba Zuhura, salama?"

"Salama, jirani. Ni paka."

"Paka tu?"

Hiyo "tu" imeshazunguka mtaa mzima. Watoto wake hawaji tena kuokota embe kwangu.

Ikafuata habari ya maua. Ingekuwa shauri langu ningepanda mchicha, angalau tule. Wenyewe wakataka asumini, mrehani, mchaichai na mawe ya kuzungushia yaliyopakwa chokaa. Nikaenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikaona yungiyungi zuri, muuzaji akanipunguzia, nikabeba. Zuhura kuliona tu, akapiga ukelele: yungiyungi ni sumu kwa paka, linaua figo! Nikamwambia taratibu, mwanangu, huyu wetu hafi tena.

"Na wenzake wakija kumzuru?"

Nikalirudisha. Hela haikurudi, nilipewa mche wa asumini na pole.

Sasa ipo samadi, ambayo bei yake inapanda kila nikionekana natoka na toroli. Na yapo maji. Bomba likikauka, dumu la kwanza ni la bustani, la pili la jikoni, na baba ataoga yakibaki. Mgiriki Herodotus aliandika kwamba kwa Wamisri wa kale, paka akifa nyumbani, watu wa nyumba ile walinyoa nyusi. Wengine huwacheka. Mimi nawaona walikuwa na akili sana, maana nyusi huota bure.

Na kuku je? Ni wa jirani yuleyule anayeniogopa. Yeye kaniepuka, watoto kawakataza, lakini kuku wake hawaogopi uchawi wa mtu. Alfajiri wameshaingia, wanachakura samadi yangu mpaka mawe ya chokaa yanageuka ya kahawia, halafu wanakwenda kutagia kwao. Nikisema niende kudai, nitaambiwa nawatafuta kuku ili niwafanyie yale niliyomfanyia paka.

Kilichoshika vizuri ni mchaichai. Juzi nikapita na kisu nikate jani la kutia kwenye chai. Mama Zuhura akaniona dirishani: "Baba Zuhura, hilo la Sharubu!" Nikanywa chai kavu.

Kwa hiyo wewe mwenye paka mzee nyumbani, leo akijikunja kwenye kiti chako mtazame vizuri, kisha uanze kuweka akiba ya samadi.