Dirisha Dogo la Unyanyembe

Serikali ikitaka kujua kwa nini mahindi ya baadhi ya wanaume wa Tabora huzongwa na magugu kuanzia katikati ya Desemba, isimsumbue bwana shamba. Imtume mtu barazani kwangu, Ng'ambo, ninaposhona nguo. Dirisha dogo la usajili wa wachezaji likishafunguliwa, hapa hapalimwi wala hapashonwi, na kahawa hunywewa kwa mkopo mpaka usiku linapofungwa.

Kijiwe chenyewe cha mashabiki wa Simba na Yanga kimeegemea ukuta wangu, na benchi wanalolikalia ni langu. Hilo nimeshasamehe. Nisichoweza kusamehe ni mada. Mtu hajaitikia hata "mwangaluka" sawasawa, keshauliza: kati ya Djigui Diarra na Moussa Camara, kipa ni nani?

Upande wa Yanga unaongozwa na mwalimu mstaafu, ambaye hoja yake ni kwamba Diarra anapiga pasi kuliko viungo wa timu nyingine. Upande wa Simba umekabidhiwa kijana wa bodaboda, ambaye Camara hajamwona popote ila kwenye televisheni ya kibanda umiza, lakini humtetea kama shemeji aliyelipa mahari yote. "Shikamoo mwalimu, ila mpira huujui," humwambia. Adabu kwanza, kisha kombora. Mpira ukimponyoka Camara, kijana anasema jua lilimwingia machoni. Ukimkumbusha kwamba mechi ilichezwa usiku, anasema basi ni taa. Diarra naye hajawahi kufungwa kwa kosa lake, maana mwalimu anao mabeki wanne wa kuwalaumu.

Siku moja nikazima cherehani nikawauliza: msimu wa 2023/24, ni kipa gani wa Ligi Kuu aliyemaliza mechi nyingi kuliko wenzake bila kuruhusu bao? Wakapigana Diarra dhidi ya Ayoub Lakred mpaka kahawa ikapoa. Nikawaambia ni Ley Matampi wa Coastal Union ya Tanga. Walinitazama kwa huruma. "Fundi," mwalimu akasema, "wewe shona." Kipa wa Tanga, hata adake mpaka risasi, kijiweni hana mwenyewe.

Halafu ndiyo yaje hayo ya dirisha dogo. Kila mwaka kuna "mashine" inayoshuka uwanja wa ndege Dar es Salaam, na kila mwaka kijiwe huipima kwa video ya dakika moja iliyotiwa muziki, ambamo mchezaji hapotezi mpira hata mara moja. Januari 2024 Simba waliwaachia Jean Baleke na Moses Phiri, wakamleta Freddy Koublan aliyekuwa akifunga mabao kwa fujo Zambia, pamoja na Pa Omar Jobe wa Gambia. Yanga nao wakamshusha Joseph Guede. Kijana wa bodaboda aliapa kwamba msimu umeisha. Mwaka wenyewe haujaisha, wote watatu wakawa wameshaondoka klabu zilizowaleta, na Baleke aliyeonekana hafai akaibukia Yanga! Nani aliomba radhi? Hakuna. Walikuwa tayari wanajadili mashine nyingine.

Na Clatous Chama je? Mwaka 2021 aliondoka Simba kwenda RS Berkane ya Morocco, dirisha dogo la Januari 2022 likamrudisha Msimbazi, Julai 2024 akavuka kwenda Jangwani, kwa Yanga. Mteja mmoja aliniletea jezi nyekundu yenye jina lake akataka niifanye ya kijani. Nilimwambia mimi nashona, sigeuzi rangi. Akanuna, akaniambia fundi wa kweli angepata njia.

Ajabu ni kwamba wanaolia "msaliti, msaliti" wamezaliwa hapa hapa Unyanyembe, mahali ambapo usajili ulikuwa kazi ya mjini kabla babu zao hawajavaa suruali. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilifika hapa, wapagazi wakamaliza mkataba, na wengine wakaandikishwa. Sidi Mubarak Bombay, mtu wa misafara, aliingia hapa, enzi hizo pakiitwa Kazeh, na wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857. Baadaye akatoka tena na Speke na Grant, mwaka 1871 akaja na Stanley, na safari ya 1873 akawa na Cameron. Vigogo wote hao, na hakuna aliyemchomea jezi.

Na kama ni kusubiri usajili, mwulizeni Livingstone. Machi 1872 Stanley alimwacha pale Kwihara, nje kidogo ya mji, akamwahidi kumtumia wapagazi kutoka pwani. Mzee wa watu akakaa kwenye tembe akihesabu siku mpaka Agosti. Miezi mitano! Lakini angalau wake walifika kweli, tena kwa miguu, na hakuna aliyekwama kwa kukosa kibali.

Kibali nakitaja kwa uchungu, kwa sababu timu yetu wenyewe ilianza Ligi Kuu hivyo. Agosti 2023, wakati huo ikiitwa Kitayosce, iliingia uwanjani kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa kuwa wengine usajili wao haukuwa umekamilika. Azam wakaweka manne, waliobaki wakapungua chini ya saba, mechi ikavunjika. Kijiwe kilicheka wiki nzima, kana kwamba aibu ile ni ya mkoa mwingine. Ikawa Tabora United, ikaponea kwenye mchujo, ikabaki. Rhino Rangers yetu ya msimu wa 2013/14 haikuwa na bahati hiyo: ilipanda, ikashuka papo hapo, na matanga hayakuwekwa.

Basi ikafika Novemba 7, 2024. Tabora United, Nyuki wa Tabora, wakaenda Chamazi wakamfunga Yanga 3-1, mawili ya Offen Chikola. Siku chache baadaye kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, akafungashiwa virago. Nilitoka nje mbio kushangilia na wenzangu. Nikamkuta mwalimu ameshika tama, na kijana wa bodaboda anaruka juu huku anaimba "Simba! Simba!" Simba haikucheza. Katika benchi zima la watu wa Tabora, aliyekuwa akishangilia Tabora ni fundi cherehani peke yake.

Aprili iliyofuata Yanga wakaja kulipiza hapa hapa Ali Hassan Mwinyi. Uwanja wetu ukajaa kijani na njano, wakatupiga 3-0, na majirani zangu wakarudi nyumbani wakiimba. Kisha Chikola mwenyewe akachukuliwa na Yanga, na mwalimu akaanza kumsifu kama kwamba alimgundua yeye. Mwaka huohuo wa 2025 timu ikageuka TRA United, jina la mamlaka ya mapato. Mwenye duka wa jirani anasema yuko tayari kuishangilia, ila kwa sauti isiyohitaji risiti.

Sasa nawaomba wenzangu wa Ng'ambo, Isevya, Cheyo na Kitete. Sisemi muache Simba wala Yanga, hayo ni maradhi ya kurithi. Nasema hivi: chagueni mechi moja ya nyumbani ambayo hao wawili hawamo, dhidi ya Coastal Union au Namungo, mlipe kiingilio, mkae jukwaani mpaka dakika ya tisini. Mkimkuta kipa wetu amedaka vizuri, mlitaje jina lake kesho yake kijiweni.