Ati Nafasi Yake ni Nusu kwa Nusu

Kinango tunakosa mvua, na maji ya mfereji huja yakijisikia, lakini watabiri hatujawahi kuwakosa. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka tu, kila kona ina mtu wa kukwambia mtoto wako atachukuliwa chuo gani, kozi gani, na kama atamaliza. Hatozi hata shilingi. Hapo ndipo ninapoanza kumshuku.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifanya KCSE ya 2024 akapata A-. Anataka udaktari, Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu hapo siwezi kununua mkate bila kuulizwa, "Ataingia?" Na sijafungua kinywa, muulizaji kashajijibu mwenyewe.

Mwenye kibanda cha chai anasema ataingia, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa na kichwa. Ni kweli, mzee alijua ng'ombe wake wote kwa nasaba zao, lakini hakuwahi kufanya mtihani wa kemia. Kijana wa boda anasema hataingia, huko Nairobi wana watu wao. Shangazi yetu mmoja amepima kwa ukimya: mtoto asiyesema ovyo hufika mbali. Jirani naye kakata tamaa kwa niaba yetu, maana shule ya binti haina basi. Jamani, tangu lini basi likaketi chumba cha mtihani?

Siku moja nilichoka, nikaamua kuwaelimisha pale kibandani. Nikawaambia mambo haya yanaamuliwa na KUCCPS, asasi iliyozaliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikachukua kazi ya ile bodi ya zamani, JAB. Mtoto hupangiwa kozi na kompyuta, kwa hesabu. Unachukua alama za masomo manne ya kozi yenyewe, ambazo zikijaa ni 48, unazigawanya kwa 48. Unachukua jumla ya masomo yake saba, ambayo ikijaa ni 84, unaigawanya kwa 84. Unazidisha majibu hayo mawili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48. Binti yetu ana 45 kwenye yale manne na 78 kwenye yale saba. Jibu ni 44.785.

Kibanda kikanyamaza. Nikadhani nimefundisha. Mzee mmoja akashusha kikombe, akauliza, "Na huyo kompyuta ni mtu wa wapi?"

Haya, tuseme umeipata 44.785. Inatosha? Hapo watabiri hukimbilia alama za mwaka jana, wakazishika kama hati ya shamba. Lakini alama hiyo ya mwisho haikuwekwa na mtu yeyote kama kizingiti. Ni pale tu alipoangukia mtoto wa mwisho aliyepata nafasi mwaka huo. Mwaka huu wakijitokeza wengi wenye alama kubwa zaidi, inapanda, wakipungua, inashuka. Na katika KCSE ya 2024, kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, waliopata A kamili walikuwa 1,693. Si wote wanaotaka kupasua watu matumbo, lakini wanaotaka wanatosha kumsukuma mwenye A- pembeni.

Ningeachiwa hapo ningeshukuru. Ila mjomba wetu wa Mombasa alikuja na la kwake: binti aombe Harvard, huko Marekani. Kasikia kuna watoto wa Kenya waliofika huko kwa ufadhili, na ni kweli wapo. Nikamuuliza, "Mjomba, unaona nafasi yake ni kiasi gani?" Akajibu bila kupepesa, "Nusu kwa nusu. Ama watamchukua, ama hawatamchukua."

Kwa hesabu ya mjomba, hata mimi nina nusu ya kuwa Rais.

Ukweli ni kwamba kwa darasa lililoingia mwaka 2024, Harvard ilipokea waombaji zaidi ya 50,000, na katika kila 100 ilichukua chini ya wanne. Wanaoachwa si wavivu. Wengi wao wana alama za juu kabisa. Huko hakuna kipeuo cha pili. Wanataka mtihani kama SAT, ambao alama zake hukomea 1600, wanataka barua za walimu, na wanataka insha ya maneno yasiyozidi 650 ya mtoto kujieleza. La kheri ni kwamba hawamhukumu mwombaji kwa mfuko wa mzazi, hata awe mgeni. Ukichukuliwa na huna kitu, wanakusaidia kulipa.

Waliposikia insha, ndugu wote wakageuka waandishi. Mjomba anataka aandike jinsi alivyochota maji mbali. Shangazi anataka ndovu wa hifadhi ya Mwaluganje waliovamia shamba la mahindi. Jirani wa basi anataka aandike kwamba shule haina basi. Kila mmoja anataka umaskini uwe mkubwa kidogo kuliko ulivyo, ili Mmarekani alie. Binti mwenyewe anataka kuandika jinsi alivyompenda mwalimu wake wa hesabu kwa sababu mwalimu huyo alimkosoa mbele ya darasa. Wakamwambia hiyo haina machozi.

Sasa nitasema ninachokiona. Pale mnadani, mnunuzi wa mbuzi naye hukadiria. Humshika mnyama mgongoni, humbinya ubavuni, humwinua kidogo, akataja bei. Lakini akikosea, hasara ni yake, atarudi nyumbani na mbuzi wa mifupa. Ndiyo maana hushika vizuri kabla ya kusema. Wakadiriaji wa watoto wetu hawana walichoweka. Binti akiingia udaktari, watasema walijua. Asipoingia, watasema walijua. Watakaolala macho wazi ni yeye na mamake.

Na kinachonikera zaidi ni saa wanayofika. Nafasi ya mtoto wa KCSE ilianza kuamuliwa mapema, mwisho wa kidato cha pili, alipochagua masomo. Aliyeacha fizikia pale, uhandisi ulikwenda, hata apate A ngapi baadaye. Siku hiyo hatukumwona mjomba, hatukumwona wa boda, na kibanda cha chai kilikuwa kinajadili mpira. Mtoto alichagua kwa kumfuata rafiki yake. Walimu wa kemia walipopungua, hakuna aliyekwenda kumuuliza mwalimu mkuu. Leo jibu limeshatoka, ndipo kila mtu anajua hesabu.

KCSE yenyewe inaelekea ukingoni. Darasa la mwisho litaifanya mwaka 2027. Kisha watakuja watoto wa mtaala mpya, ambao huchagua mkondo wao wakitoka gredi ya 9, wakiwa wadogo zaidi. Watabiri watalazimika kujifunza upya, nami sitawafundisha.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu wa Kinango. Ukikutana na mtoto aliye gredi ya 9, muulize anachagua masomo gani na kwa nini, kisha umnunulie kitabu kimoja cha mitihani iliyopita. Hiyo ndiyo ada ya utabiri. Asiyeilipa, anywe chai yake anyamaze.