Kahawia Nyingine, Tafadhali

Katika mchezo wa Mordheim, uliotolewa mwaka 1999 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, nyota yenye mkia iliangukia mji ukabaki magofu. Ndiyo maana anayepaka rangi vinyago vyake, askari wa milimita 28 hivi, huona haya kufungua kichupa cha njano. Njano ina furaha, na furaha haikunusurika.

Basi husimama mbele ya rafu akipima kahawia na kahawia. Rhinox Hide au Dryad Bark? Hushauriana, hukunja uso, hurudi nyumbani na zote mbili. Baada ya jioni kadhaa za kuzitenganisha kwa brashi ya unywele, humwagia kinyago kizima Agrax Earthshade, rangi ya majimaji inayotuama mikunjoni na kumwacha shujaa na sura ya mlevi aliyelala mtaroni. Zile kahawia mbili, hazijulikani zilipo. Tope nalo linauzwa: Typhus Corrosion, lenye chembechembe zake. Nje mvua inanyesha, tope la bure linamsubiri mlangoni.

Na John Blanche, mchoraji anayeapiwa na wapenda kiza wote, wala hakuogopa rangi. Nyekundu imejaa tele kwenye picha zake. Wafuasi wamebeba uchafu, nyekundu wakamwachia mwenyewe. Muulize mmoja wao mbona askari wake haonekani juu ya meza ya mbao. Atakujibu, bila kucheka, kwamba anavizia.