Theluji ya Likoni

Jirani yetu hapa Likoni ametangaza safari: anakwenda Kirgizia, akateleze kwa skii milima ya Tian Shan, kusiko hata njia. Glavu keshanunua, mitumba ya Kongowea. Sisi hatucheki. Philip Boit, Mkenya, alimaliza wa 92 mbio za skii, Olimpiki ya Nagano 1998, wa mwisho kabisa. Bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliteleza Pyeongchang 2018. Kumbe Mpwani aweza! Ila bwana wetu huyu, kiyoyozi cha benki humpigisha chafya, na mteremko wa feri huushuka kashika reli. Haya, na aende. Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tutamngoja kivukoni, na tangawizi moto.